Siku za vitabu Lubumbashi: Kiswahili kipewe kiti cha mbele

Kila siku za fasihi zinapofanyika Lubumbashi, mji wetu wa kusini-mashariki mwa Kongo, ratiba huwa na sura ileile. Asubuhi kuna mjadala wa waandishi kwa Kifaransa: viti vimepangwa, chupa za maji ziko mezani, mwendesha mjadala ameshika karatasi yake. Mchana vitabu vinazinduliwa na waandishi wanasaini nakala. Jioni, watu wakishachoka, ndipo Kiswahili kinapoitwa: kijana wa slam (mashairi ya jukwaani), kikundi cha maigizo, mchekeshaji, pengine na muziki wa karindula wa kufungia. Hapo ukumbi unachangamka. Waliokuwa wamekaa nyuma wanasogea mbele, na walinzi wa getini nao wanachungulia. Kesho yake taarifa zinataja wageni wa heshima, mada za mijadala na hotuba ya ufunguzi, kisha saa ile ya jioni inapewa mstari mmoja wenye neno "burudani".

Mimi naona kilele cha siku hizo ni hiyo saa ya jioni, na kwamba kuiita burudani ni kuukosea heshima mji wenye fasihi yake. Lubumbashi ina maandishi yake ya Kiswahili, tena ya tangu kabla haijaitwa Lubumbashi rasmi. Wakazi wake wengi hawajawahi kuyasikia. Tukiwa na siku za vitabu kila mwaka na maandishi hayo hayafunguliwi hata mara moja, basi tunasherehekea vitabu vya watu wengine nyumbani kwetu.

Nazungumzia maandishi ya André Yav ya mwaka 1965. Yanaitwa Vocabulaire de ville de Elisabethville (Elisabethville ni jina la zamani la Lubumbashi), na jina hilo la Kifaransa lisikudanganye ukadhani ni kamusi. Ni historia, imeandikwa kwa Kiswahili cha hapa hapa, kwa mashine ya taipu, kwa niaba ya chama cha watu waliokuwa wafanyakazi wa nyumbani kwa Wazungu. Maboyi, kama walivyoitwa. Watu waliopika, waliofua, waliobeba watoto wa mabwana, waliosimama mlangoni wakati wa chakula na kusikia yote yaliyosemwa mezani. Hao ndio waliokaa wakaamua kuandika mji wao ulivyotokea, wakirudi nyuma mpaka enzi za Mfalme Leopold wa Pili wa Ubelgiji.

Angalia mwaka wenyewe. 1965 ni miaka 55 tangu Elisabethville ianzishwe mwaka 1910, miaka miwili tu tangu kujitenga kwa Katanga, jimbo letu, kumalizike, na mwaka mmoja kabla jina la mji halijabadilishwa. Novemba ya mwaka huohuo Mobutu alichukua madaraka. Walioandika hawakuwa na chuo kilichowatuma wala serikali iliyowaomba. Wakati huo historia ya Katanga ilikuwa inaandikwa na Wabelgiji, na Waafrika walioanza kuandika walikuwa wasomi wa Kifaransa. Katikati ya hao wote, wapishi na madobi wa zamani wanaandika kwa lugha yao kwamba sisi ndio tuliokuwa pale, tuliona. Sijui mji mwingine wa nchi yetu ambao wafanyakazi wake waliuandikia historia namna hii na mapema hivi.

Maandishi hayo yalichapwa kwa idadi ndogo. Leo yanajulikana kwa sababu mwanaanthropolojia Johannes Fabian aliyatoa kama kitabu mwaka 1990, pamoja na tafsiri ya Kiingereza na ufafanuzi, akisaidiwa na Kalundi Mango wa hapa kwetu na mwanaisimu Walter Schicho. Baadaye yaliwekwa kwenye intaneti, katika hifadhi ya matini za Kiswahili inayohusiana na Chuo Kikuu cha Amsterdam, na mtu yeyote mwenye simu anaweza kuyasoma bure. Kwa hiyo hatuwezi kusema yamepotea. Yapo, ila hayamo katika siku zetu za vitabu.

Kuna jambo moja kuhusu kazi ya Fabian ambalo waandaaji wa siku za vitabu wangelitafakari kwanza kuliko yote. Alipoyapata maandishi ya Yav, kuyasoma kwa macho kulimshinda mahali pengi. Nukta ni chache, maneno yamekatwa pasipotarajiwa au yameunganishwa, tahajia inabadilika kutoka mstari hadi mstari. Mtu aliyejifunza Kiswahili cha vitabuni anafika katikati ya ukurasa wa kwanza na kukwama. Suluhisho lilikuwa kumwomba Kalundi Mango ayasome kwa sauti, arekodiwe, kisha usomaji ule uandikwe upya. Sauti ya mtu wa Lubumbashi ndiyo iliyofungua kitabu. Alijua pumzi inakatwa wapi, jina gani ni la mtu na lipi ni la mtaa, na wapi mwandishi anabadilisha msemaji bila kutuambia.

Nimewahi kushuhudia kurasa chache za Yav zikisomwa katika parseli (ua wa nyumba) moja ya mtaa wa Katuba, jioni, kwa watu wasiopungua kumi waliokaa kwenye viti vya plastiki na vikombe vya kinywaji cha munkoyo mikononi. Msomaji alikuwa mwanafunzi wa chuo kikuu, kijana mwenye Kifaransa safi. Alisoma kama anavyosoma risala: anasimama kila mwisho wa mstari kwa sababu mstari umeisha. Mzee mmoja, mstaafu wa kazi za migodi, alivumilia kidogo kisha akamwambia, "Usisimame pale, mwana. Endelea, njo utasikia." Kijana akaendelea bila kusimama, na sentensi iliyokuwa imevunjika vipande vitatu ikawa moja. "Rudilia ile fasi," akasema mama mmoja. Akarudia. Safari hii wazee wawili walianza kubishana kuhusu mahali ilipokuwa nyumba iliyotajwa, na kwa muda mrefu hakuna aliyekumbuka kwamba kulikuwa na karatasi. Yule kijana alikuwa ameinamisha kichwa, anaandika pembeni ya ukurasa kila walichokuwa wanasema.

Nimehudhuria mijadala mingi ya fasihi mjini, na wasikilizaji wengi huko hungoja maswali yaishe. Hapa wasikilizaji walikuwa wanasahihisha maandishi, wanayaongezea, wanayapinga. Kama kuna mtu anatafuta mfano wa umma unaosoma, huo hapo. Wengi wao wasingeingia katika ukumbi wa mjini hata kwa kadi ya mwaliko.

Wataniambia kwamba huyo Yav ni mmoja, na mji hauwezi kuendesha tamasha kwa maandishi ya mtu mmoja. Hayuko peke yake. Tshibumba Kanda Matulu, mchoraji aliyezaliwa mwaka 1947 katika mji huu huu, alichora historia yote ya nchi katika picha zaidi ya mia moja katikati ya miaka ya 1970, na kila picha aliisimulia kwa Kiswahili huku kinasa sauti kinazunguka. Masimulizi yale ni kazi ya fasihi kamili. Yana mwanzo, yana mabishano na wakubwa, yana namna ya kunyamaza palipo hatari, maana ilikuwa enzi ya Mobutu na mtu alipima neno. Picha zenyewe ziko Amsterdam. Tshibumba alipotea mwanzoni mwa miaka ya 1980 na hakuonekana tena. Katika siku zetu za vitabu, jina lake likitajwa, linatajwa kama la mchoraji. Msimulizi amesahauliwa.

Na kuna kikundi cha maigizo cha Mufwankolo, ambacho kizazi cha wazazi wetu kilikisubiri redioni na kwenye televisheni. Mwaka 1986 walichukua msemo mmoja kuhusu madaraka, kwamba huliwa yakiwa mazima, wakaujengea mchezo mzima kwa Kiswahili cha mji: mazoezi, mabishano kati ya waigizaji, maneno yakibadilika kila siku mpaka siku ya kurekodi. Hakuna aliyekuwa na maandishi ya mchezo mkononi, waliutunga kwa kusema. Ukifuatilia mazoezi yao jinsi yalivyonukuliwa, unaona waandishi kazini. Anayetoa pendekezo anakataliwa, sentensi inapimwa mdomoni kabla ya kukubaliwa, mzaha uliokuwa mtamu unatupwa kwa sababu unachelewesha kisa. Kuita hiyo "maigizo ya kuchekesha" ni kutosikiliza.

Hata wasomi wetu wa Kifaransa waliliona hili zamani. Georges Ngal, aliyefundisha hapa, alichapisha riwaya yake ya Giambatista Viko mwaka 1975, na aliichapisha Lubumbashi. Ni kisa cha msomi wa Kiafrika anayetamani kuandika riwaya yenye umbo la hadithi inayosimuliwa, anahangaika nayo, na mwisho anajikuta mbele ya wenye mapokeo wakimhukumu kwa kuyachukua bila ruhusa. Tatizo ambalo mhusika wa Ngal alishindwa nalo kwa Kifaransa, wale wapishi wa 1965 walikuwa wameshalimaliza kwa taipu na Kiswahili, pengine bila kujua kwamba ni tatizo. Ajabu ni kwamba riwaya ya Ngal inafundishwa na maandishi ya Yav hayafundishwi, ilhali yangesomwa bega kwa bega yangeangazana.

Sasa niingie kwenye pingamizi ambazo nazisikia kila mara, na ya kwanza ina uzito. Kifaransa ndicho kilichowafikisha waandishi wetu duniani. Fiston Mwanza Mujila, aliyezaliwa Lubumbashi mwaka 1981 na anayeishi Graz, Austria, alitoa Tram 83 mwaka 2014. Riwaya hiyo ikatafsiriwa, ikaingia katika orodha ndefu ya tuzo ya Man Booker International mwaka 2016, na ikapata tuzo ya Etisalat ya fasihi ya Afrika. Nani atasema angeandika kwa Kiswahili akafika huko? Sitasema mimi. Namsoma na ninajivuna naye, na kabla yake V.Y. Mudimbe, mzaliwa wa Likasi aliyefariki mwaka 2025, aliijenga Lubumbashi kuwa mahali pa fikra kwa Kifaransa kizito. Sitaki Kifaransa kiondolewe jukwaani. Katiba ya 2006 inakiita lugha rasmi na inakitaja Kiswahili kati ya lugha nne za taifa, na mji unaishi na vyote viwili bila ugomvi: mtu anaongea na mwalimu kwa kimoja na mama yake kwa kingine, na mara nyingi huchanganya katika sentensi moja. Ninachopinga ni ratiba inayokipa kimoja asubuhi na akili za watu zikiwa macho, na kingine usiku wakati wa kuburudika. Ratiba ya namna hiyo inamfundisha mtoto wa shule aliyeletwa na mwalimu wake kwamba lugha ya kufikiria ni ile, na hii ni ya kuchekea.

Pingamizi la pili linatoka kwa wapenzi wa Kiswahili wenyewe, na kwangu ndilo gumu zaidi. Wanasema: sawa, Kiswahili kipewe nafasi, lakini Kiswahili gani? Hiki cha "batu" na "bintu", cha "njo vile" na "paka vile", kinachokopa Kifaransa na Kibemba kila hatua? Tumeingia katika Jumuiya ya Afrika Mashariki mwaka 2022, Umoja wa Afrika umekikubali Kiswahili kuwa lugha ya kazi, UNESCO imetenga tarehe 7 Julai kuwa siku yake. Si aibu kuwaonyesha wenzetu wa Dar es Salaam na Nairobi maandishi yasiyo na upatanisho wa kisarufi?

Nalichukulia swali hili kwa uzito kwa sababu mimi mwenyewe naandika makala hii kwa Kiswahili cha vitabu, ili msomaji wa Mombasa au Bujumbura anifuate. Kiswahili sanifu ni barabara kubwa na lazima watoto wetu waijue. Lakini barabara kubwa haijengwi kwa kubomoa nyumba zote zilizo kando yake. Maandishi ya Yav yakisahihishwa yawe sanifu, kinachobaki ni habari tu, na habari hizo nyingi zinapatikana kwingine. Kinachokufa ni mtu anayesema: namna anavyomwita bwana wake, namna anavyoruka kutoka kicheko hadi msiba, namna neno la Kifaransa linavyoingia pale tu mzungu anapoingia kwenye kisa. Mtu wa Dar es Salaam akisoma kurasa hizo akiwa na maelezo machache pembeni, ataona Kiswahili kikifanya kazi ambayo chake hakijawahi kufanya, cha mji wa shaba uliokusanya watu wa makabila mengi ambao wengi wao walikikuta Kiswahili hapa na kukifanya chao.

Isitoshe, wapo ambao hawakusubiri ruhusa ya wataalamu. Yapo madhehebu yanayochapisha vitabu vyao kwa Kiswahili cha Kongo, tofauti na toleo la Kenya na Tanzania, kwa sababu wanataka wasomwe na kueleweka majumbani. Redio zinatangaza habari kwa Kiswahili kinachosikika mitaani. Wanamuziki tangu Jean-Bosco Mwenda, ambaye Hugh Tracey, mkusanyaji wa muziki wa Afrika, alimrekodi Jadotville (Likasi ya leo) mwaka 1952, wameimba kwa lugha hii na nyimbo zikavuka mipaka mpaka Nairobi na Johannesburg. Walioachwa nyuma ni waandaaji wa fasihi. Na sheria ya elimu ya 2014 inataka lugha za taifa zitumike kufundishia shule ya msingi. Mwalimu wa mtaa wetu wa Ruashi atafundishia maandishi gani kama mji wenyewe hauchapishi chochote kwa lugha hiyo zaidi ya vitabu vya dini?

Kuhusu fedha sitakaa sana. Shughuli nyingi za kitabu nchini mwetu hutegemea taasisi za nje, na anayelipia ukumbi ana lugha yake. Hilo ni la kawaida duniani kote. Usomaji wa hadhara wa Kiswahili, kwa bahati, hauhitaji tiketi ya ndege ya mtu yeyote.

Lipo pengo moja ambalo Yav hawezi kuliziba. Wafanyakazi wa nyumbani wa enzi zile karibu wote walikuwa wanaume, na historia yao ni ya wanaume. Wanawake waliokuwa wakiuza soko la Kenya, mtaa wa hapa mjini, waliokuja na waume zao kutoka Kasai na kutoka kwa Wabemba, waliozaa katika kambi za kampuni ya migodi ya Union Minière ambako kampuni ilihesabu hata chakula cha watoto, hawajaandikiwa Vocabulaire yao. Tangu mwaka 2000, mradi wa Kumbukumbu za Lubumbashi wa wanahistoria kama Donatien Dibwe dia Mwembu na Bogumil Jewsiewicki umekusanya masimulizi ya wakazi, ya wanawake kwa wanaume, na sehemu kubwa ilisemwa kwa Kiswahili kabla ya kuingia vitabuni kwa Kifaransa. Yale ya awali, yalivyotoka mdomoni, ndiyo ningependa kuyaona yakichapishwa katika vijitabu vya bei ya daftari la shule. Siku za vitabu zingekuwa na kitu kipya cha kuzindua kila mwaka, kwa miaka mingi.

Wasanii wa picha wa mji huu walishatuonyesha njia. Walipoanzisha mikutano yao mwaka 2008, waliipa jina la Picha, ikaja kuwa biennale, maonyesho ya kila miaka miwili, inayojulikana kimataifa. Kituo cha sanaa cha Waza nacho kina jina la Kiswahili na kimefanya kazi na wakazi wa mitaani. Biennale haikupoteza wageni kwa kuitwa Picha. Watu wa vitabu tumebaki na woga ambao watu wa kamera waliuacha zamani.

Kwa hiyo natoa ombi kwa wanaoandaa toleo lijalo, na ni ombi dogo kiasi kwamba halihitaji kamati. Asubuhi ya kwanza, kabla ya hotuba, maandishi ya Yav yasomwe kwa sauti kuanzia mwanzo mpaka mwisho. Yasomewe Kamalondo, mtaa wa zamani kabisa wa Waafrika katika mji huu, chini ya turubai, siyo katika ukumbi wa mjini. Wasomaji wapokezane: mwanafunzi, mstaafu, mwigizaji, mama wa sokoni. Maikrofoni ya pili iwekwe upande wa wasikilizaji na irekodiwe, kwa sababu watakaloongeza wao litakuwa kurasa mpya. Vivuli vya kurasa za mwanzo vigawiwe kwa herufi kubwa ili wazee wafuate. Chuo Kikuu cha Lubumbashi kina wanaisimu wanaoweza kuandaa maelezo ya pembeni kwa Kiswahili, bila kugusa neno la mwandishi. Waalikwa kutoka nje wawepo, wapewe mfasiri wa kuwanong'oneza, kama sisi tunavyopewa tukienda kwao.

Mjadala wa Kifaransa uhamie mchana, na mada yake iwe walichokisikia asubuhi.